Kizunguzungu cha Entin

Entin aliolewa Bojongkalapa, kijiji cha pwani ya kusini ya Java, akiwa msichana wa kucheka ovyo, na miaka ikapita bila ya yeye kushika mimba. Hakuna aliyemsimanga waziwazi. Ila kila penye harusi au akika, mtu angemwekea mtoto wa mwenzake mapajani, "upate baraka, Ceu," yaani dada, na yeye angempokea, angembembeleza, na kumrudisha akiwa bado anacheka. Kicheko kile kilimsaidia sana. Watu walidhani hana uchungu.

Mumewe, Darkum, alikuwa mgema. Asubuhi na alasiri alipanda minazi ya pwani, akachonga makarara, akatungua vibuyu vya mianzi vilivyojaa utomvu na kutundika vitupu. Utomvu ukishafika nyumbani ulikuwa wa Entin: auchemshe katika karai kubwa mpaka uwe mzito na mwekundu, aumimine katika vikombe vya mianzi, ugande uwe sukari guru. Mgema huogopa kuanguka. Mke wa mgema huogopa moto. Ukizidi, sukari inaungua, ukipungua haigandi, na jasho la mtu aliyekuwa juu ya mti linamwagiwa kuku. Kwa hiyo Entin hakuwa na kawaida ya kuliacha karai lake likiwa motoni. Aliliacha mara moja tu.

Ilikuwa Jumatatu, mwaka ule wa 2006, na adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha. Entin alisimama mbele ya moto, mwiko mkononi. Mama mkwe wake, Ema Rasem, alikuwa kwenye mkeka mlangoni akichambua majani ya mihogo. Taratibu, bila kushtua, kichwa cha Entin kikawa chepesi. Sakafu ikamlegea miguuni, kama kitanda cha kamba mtu anapoketi upande wa pili. Alishika nguzo. Juu yake, vibuyu vitupu vilivyoning'inia kwenye boriti viligongana, ko, ko, ko, bila haraka, na huko nje mgomba haukutikisa hata jani. Hali ile ikadumu. Akafumba macho, akafumbua, bado ipo. Kisha ikaondoka kama ilivyokuja.

"Ema," akasema, "naona kizunguzungu."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Basi ni jua hilo." Ema Rasem aliendelea kuchambua, kisha mikono yake ikasimama. Akamtazama mkwewe kutoka utosini mpaka unyayoni. "Mwezi wako umeuona lini?"

Entin akakoroga utomvu.

"Nakuuliza wewe."

"Umechelewa kidogo, Ema."

"Kidogo ni kiasi gani, we mtoto?"

"Kidogo tu!"

Bibi akaangua kicheko, akasukuma majani pembeni. "Mimi nilipombeba Darkum, jambo la kwanza lilikuwa hilohilo. Dunia ilinizunguka nikadhani nyumba inahama. Kaa chini! Weka mwiko, kaa!"

Akamketisha, akamkamulia ndimu kwenye maji, akampangusa uso kwa upindo wa kanga yake. Wakasali. Entin akajaribu kutulia lakini hakuweza. Kila alipolitazama karai aliona uso wa mumewe atakapoambiwa.

"Naenda kumwambia."

"Si atarudi mwenyewe?"

"Nikikaa nitapasuka, Ema."

"Haya nenda, moto nautazama mimi. Lakini usikimbie! Mwenye mimba hakimbii!"

Entin akakimbia. Njiani alikutana na jirani yake Tarsih akitoka pwani na kapu la ng'onda kichwani, anaelekea kwa dada yake juu kilimani. "Ceu, mbona unacheka peke yako kama umeokota?" Tarsih akauliza. "Kesho nitakwambia," akajibu, akapita.

Darkum alikuwa juu ya mnazi wa mwisho, ule ulio karibu zaidi na mchanga, kampa mgongo. Upepo ulikuwa unavuma kutoka baharini. Entin akaweka viganja mdomoni, akamwita Kang, kaka, kama wake wa huko wanavyowaita waume zao.

"Kang! Kang Darkum! Nina habari!"

Hakugeuka. Toka juu kule alikuwa akiona kitu ambacho macho yake yalikataa. Bahari ilikuwa imejikunja. Miamba ambayo baba yake alimsimulia tu ilikuwa nje, inang'aa, na mashua zilikuwa zimelala ubavu kwenye matope. Watu walikuwa wanashuka kuokota samaki. Na mbali, kutoka upande mmoja wa dunia mpaka wa pili, kulikuwa na mstari mweupe ambao haukukaa mahali pamoja.

Akageuka, akamwona mkewe chini.

"Panda!"

"Nini?"

"Panda juu! Panda!"

"Sikusikii! Kang, nina mimba!"

"Panda, Entin! Panda!"

Yeye akadhani ni furaha. Akadhani mumewe amesikia na amepagawa. "Una wazimu wewe?" akapiga kelele akicheka. "Mwenye mimba anapanda mnazi?"

Hapo ndipo mlio ulipomfikia, mzito kama malori mengi yanayopanda mlima kwa pamoja. Hakutazama nyuma. Alifunga nguo kiunoni, akashika kidato cha kwanza, cha pili, vile vidato ambavyo Darkum alivichonga kwa kipimo cha miguu yake mwenyewe, vikawa mbali kwa miguu yake yeye. Darkum alikuwa anateremka huku ananyosha mkono. Akamdaka kifundo cha mkono, akamvuta juu kwa nguvu zake zote, tumbo la Entin likasuguana na gome.

Maji yalipita chini yao. Hayakuwa ya buluu. Yalikuwa kahawia, yamebeba mashua, milango, mabenchi ya vibanda vya chai, mbuzi aliyekuwa bado anaogelea. Mnazi ulitetemeka kuliko ardhi yote ilivyotetemeka siku ile. Uliinama, ukajirudi, ukainama tena wimbi la pili lilipofika. Minazi mingine miwili karibu yao ilikwenda. Waliteremka jua likiwa limekaribia kuzama.

Nyumba haikuwepo. Karai lilipatikana ndani ya shamba la mpunga, limekaa wima, lina maji ya chumvi. Ema Rasem walimpata kesho yake kwenye kichaka cha mianzi. Alizikwa pamoja na majirani, safu kwa safu, na Darkum ndiye aliyemwingiza kaburini mama yake.

*

Wakakaa kwenye mahema, juu ya kilima. Siku chache baadaye Entin aliingia mwezini. Katika mahema hakuna siri. Kina mama waliona, wakatazamana. Darkum alikuwa ameshamwambia mtu, na mtu ameshamwambia mtu, kwamba mkewe alipanda mnazi akiwa mjamzito. Basi wakaja mmoja mmoja. "Pole, Ceu. Mungu atakupa mwingine." Mmoja akamletea uji wa mchele mwekundu, mwingine dawa ya mizizi ya kunywa mzazi.

Entin aliunywa ule uji. Mwili wake ulimwambia kwamba mwezi ule ulikuwa sawa na miezi yote. Lakini hakusema. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe watu walikuwa wanamhurumia kama mama, siyo kama mti usiozaa, na huruma ile ilikuwa na joto. Akajifunika nayo. Angesema nini, tena? Kwamba alimwacha bibi wa watu peke yake jikoni kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwako?

Darkum hakulitaja jambo hilo hata siku moja. Aliacha kupanda. Watu walipomuuliza alisema minazi imekunywa chumvi, utomvu umeharibika. Akaenda kubeba matofali ya nyumba mpya, yeye ambaye mabega yake yalizoea kubeba utamu, na alirudi jioni akiwa mwekundu kwa vumbi, akanawa, akala, akageukia ukuta wa hema.

Wakati nyumba za kwanza zinaezekwa ndipo alipokuja Wiwin. Alikuwa msichana wa mji wa Bandung, mtaalamu wa matetemeko ya ardhi, amevaa kofia pana kama wapanda mpunga, na alizungumza Kisunda, lugha yao ya nyumbani, vizuri hata wazee wakamsamehe suruali yake. Alikuwa na ngazi, ufito wa kupimia, na maswali mawili ambayo alimuuliza kila mtu: maji yalifika wapi, na ardhi ilitikisika vipi?

La kwanza kila mtu alilijibu kwa kidole. La pili likazua ugomvi.

"Hakukuwa na tetemeko," walisema wanaume kwenye kibanda cha kahawa.

"Lilikuwapo," akasema Wiwin. "Mashine zilizoko nchi za mbali zimelisikia vizuri."

"Mashine za mbali zimesikia, sisi tuliokalia mgongo wake hatukusikia? Basi zina masikio ya popo."

Wakacheka. Mzee mmoja akasema ni Malkia wa Bahari ya Kusini amekasirika. Imamu akamwambia aombe toba, bahari haina malkia, ina Mola wake. Wiwin alinywa kahawa yake, hakubishana na yeyote.

Darkum alimpeleka kwenye mnazi. Akamwonyesha alama ya matope, na vidato. Wiwin akapima, akapima tena, akatikisa kichwa. "Mke wangu alikuwa hapa," Darkum akasema, akaweka kiganja chake kwenye kidato. Hakukiondoa upesi. Wiwin akaona, na siku ya pili akaenda kumtafuta huyo mke.

Entin alikuwa amepata utomvu kutoka kwa mgema wa kijiji cha pili, anapika kwa mgawo. Karai lilikuwa lilelile.

"Ceu, siku ile ulikuwa wapi?"

"Jikoni, Neng," akajibu, kama wasichana wanavyoitwa huko.

"Ulihisi nini?"

"Sikuhisi kitu."

Wiwin hakumshurutisha. Aliomba mwiko, akakoroga vibaya, akakaripiwa, akakoroga vizuri zaidi. Moshi uliwaliza wote wawili. Baada ya kitambo akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Jikoni kwako kulikuwa na vitu vya kuning'inia?"

"Vibuyu."

"Viligongana?"

Entin akamtazama. "Umejuaje?"

"Sijui, nauliza. Viligongana kwa nguvu?"

"Hapana. Taratibu. Kama mtu anayebisha hodi na hataki kuamsha watoto." Na baada ya kusema hilo, mengine hayakukubali kubaki ndani. Alisema juu ya sakafu iliyolegea, nguzo, ndimu, kicheko cha Ema Rasem. Alisema alichopiga kelele chini ya mnazi. Utomvu ulianza kushika chini na hakuna aliyeukoroga.

Wiwin akaukumbuka mwiko, akakoroga. "Ceu, umewahi kuteleza kwenye tuta la shamba la mpunga?"

"Nani hajateleza?"

"Kuna kishindo?"

"Kishindo kitoke wapi, na matope?"

"Lakini unafika mbali."

"Mpaka kwa jirani."

"Na gogo kavu likivunjika?"

"Hilo linalia."

"Basi. Huko mbele, chini ya bahari, kipande kimoja cha dunia kinajipenyeza chini ya kingine. Kikiachia ndani sana, kwenye mwamba mgumu, kinalia kama gogo. Nyumba zinaanguka, watu wanakimbia bila kuambiwa. Siku ile kiliachia juujuu, karibu na mdomo wa shimo refu lililo sakafuni mwa bahari, ambako ni udongo laini. Kiliteleza polepole na kikafika mbali. Sakafu ya bahari ikapanda, ikayabeba maji yote yaliyo juu yake. Huku kwenu mtikisiko ukafika hivyo tu, kama bembea." Alionyesha kwa kichwa kuelekea pwani. "Maji yamefika kwenye kidato kile, na vibuyu vimegongana taratibu. Kimoja peke yake hakinisaidii. Vyote viwili ndiyo ushahidi ninaoutafuta kila ninakokwenda, na watu wananiambia hawakuhisi kitu."

"Kwa hiyo ilikuwa ardhi."

"Ilikuwa ardhi, Ceu."

"Siyo mtoto."

Hapo ndipo Wiwin alipoelewa alichokifanya. Akaweka mwiko chini. "Ceu, nisamehe. Sikufikiria."

"Usijali, Neng," Entin akasema. "Nilikuwa najua. Nilikuwa sijaambiwa tu."

*

Jioni ile alimfuata Darkum kwenye rundo la matofali kabla hajanawa.

"Kang, hakukuwa na mtoto."

"Najua. Alitoka."

"Hakutoka. Hakuwako." Akamweleza, kwa maneno ya Wiwin pale alipoyakumbuka na kwa yake mwenyewe pale aliposahau.

Darkum akakaa juu ya matofali. Alikaa hadi vumbi la mikono yake likakauka na kupasuka.

"Nilikuvuta," akasema mwishowe. "Nilikuvuta kama gunia. Nilisikia tumbo lako likisuguana na mti. Na nilikuwa nimekusikia, Entin, pale uliposema una mimba. Nilisikia, na nikakuvuta vilevile."

"Ungefanya nini?"

"Ndicho ninachojiuliza kila siku." Akafuta uso, akajipaka wekundu. "Kumbe sikumuua."

Akalia, yeye ambaye hakulia mbele za watu hata kaburini kwa mama yake. Entin akataka kumshika, naye akaurudisha mkono wake.

"Na wewe ulijua. Ukaniacha niubebe mzigo huu."

"Sikujua kama unabeba."

"Ulidhani minazi niliiacha kwa nini?"

"Ulisema chumvi."

"Chumvi!" akasema Darkum, na sauti yake haikujulikana kama ni ya kucheka au ya kutukana. "Chumvi, anasema!"

Hakuzungumza naye kwa siku kadhaa. Kimya hicho kilikuwa kibaya kuliko kile cha mwanzo, kwa sababu sasa kilikuwa na mwenyewe, naye ni Entin. Kisha asubuhi moja Entin akaamka kwa sauti ya kisu kinachonolewa kwenye jiwe. Darkum alipita mlangoni na vibuyu vimefungwa kiunoni. "Weka karai," akasema. Utomvu wa siku ile ulikuwa mdogo, na mtamu kama zamani.

Mtoto hawakumpata. Ni vizuri niliseme hilo mapema ili mtu asingoje.

Entin alipata kazi nyingine, ambayo hakuiomba. Ilianzia kisimani, Tarsih alipomuuliza alichozungumza na yule msichana wa Bandung siku nzima. Entin aliona aibu. Mtu hawezi kusimulia tetemeko lile bila kusimulia tumbo lake. Hata hivyo akasema yote, na akangoja kuchekwa.

Tarsih hakucheka. "Mimi nilitua kapu," akasema polepole. "Nilidhani ni njaa."

"Mimi nilidhani presha," akasema mwingine.

Mzee wa msikiti alipopata habari akasema kwamba yeye alikuwa kwenye swala, akayumba wakati wa kurukuu, akadhani uzee umemwingia siku ileile. Ikaenda hivyo nyumba hadi nyumba, na kijiji kizima kikagundua kwamba kilikuwa kimehisi tetemeko. Kila mtu alilihisi peke yake, akalichukua kuwa lake, ugonjwa wake au aibu yake au furaha yake, akalifunga ndani ya mwili wake na kuendelea na kazi. Laiti mmoja angemuuliza jirani! Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wote walikuwa wameusema msemo huo tangu utotoni, na hakuna aliyekumbuka kuusema siku ile.

Wiwin aliporudi mwaka uliofuata alimwomba Entin azungumze na kina mama wa vijiji vya jirani. Alikwenda, akisita, na akasema kwa njia yake: "Kizunguzungu cha mtu mmoja mpelekee mganga. Cha wawili, msiulizane mara ya tatu, pandeni kilimani." Wake wadogo wakamtania. "Ceu, mimi nikimwona mume wangu naona kizunguzungu, nipande?" Naye akajibu, "Akikiona na yeye, pandeni wote."

Kuna Ramadhani moja, alasiri, alihisi kitu. Akamwita Tarsih ng'ambo ya ua. "Unaona kizunguzungu?" "Naona." Halikuulizwa swali la tatu. Ngoma ya msikiti ikapigwa, na Bojongkalapa nzima ikapanda kilima, wazee migongoni, watoto mikononi, masufuria ya futari vichwani. Wakakaa, wakatazama. Bahari ilikuwa imelala palepale ilipolala jana.

"Ceu Entin," akasema kijana mmoja, "umetupandisha mlima kwa njaa yako."

Watu wakacheka. Entin naye akacheka, kicheko kile chake cha zamani, ingawa masikio yalimwaka moto na alitamani kurudi jikoni kwake mara moja. Darkum alimwona. Akafunua sufuria aliyoibeba mwenyewe njia nzima, ndizi za nazi na sukari yao, akaanza kupakua kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Mwenye bakuli alete! Asiye na bakuli anyooshe kiganja!" Jua lilipozama wakafuturu palepale, kwenye nyasi, kijiji kizima kwenye mkeka mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata siku ya Idi.

"Tungekuwa na karanga," akasema Tarsih.

"Ungebeba."

"Nilibeba watoto."

Wakasali Magharibi, wakaanza kushuka kwa tahadhari, wakipokezana kumshika mzee wa msikiti ambaye magoti yake hayakuupenda mteremko. Alilalamika njia nzima kwamba wakati wa kupanda alibebwa mgongoni kama bwana harusi, na wakati wa kushuka anashushwa kwa maneno matupu.